Sauti Nzuri ya Kusomea

Wizara yenye dhamana ya elimu imeelekeza kwamba kila mzazi asome na mtoto wake kila jioni, kwa kuwa mtoto asomaye na mzazi nyumbani haachwi nyuma na wenzake. Agizo hilo lilisomwa katika kituo kikuu cha mabasi na mtangazaji ambaye abiria walimwita Bwana Sauti. Alilisoma vizuri mno, kati ya tangazo la basi lililochelewa na la begi lililopotea.

Bwana Sauti alikuwa na kipaji chake. Karatasi yoyote aliyowekewa mezani aliisoma bila kujikwaa, na akizima kipaza sauti hakukumbuka hata neno. Abiria wakija dirishani kuuliza basi lao limesogezwa hadi saa ngapi, huwaambia, "Subirini, nitarudia." Hakuona ubaya wowote. Kazi yake ilikuwa kusoma. Kuelewa kulikuwa juu ya wenye safari.

Sasa binti yake alikuwa anasuasua darasani. Mwalimu alishaonya: asipoelewa anachosoma, atabakizwa kwenye kikundi cha marudio, wenzake wapande. Baba mtu akaitii wizara kwa moyo wote. Kila jioni, sahani zikishaondolewa, binti alisimamishwa kando ya kabati.

"Kidevu juu. Mkato, vuta pumzi. Nukta, shusha."

"Baba, ghadhabu ni nini?"

"Usikatize sentensi, mwanangu. Endelea."

Mama, aliyekuwa akifuta meza, akasema, "Mtoto kakuuliza kitu, baba watoto."

"Nimesikia. Na ile gha imetoka kooni kabisa. Safi."

Siku ya kupimwa, wazazi walikaribishwa kukaa nyuma ya darasa. Binti akaisoma hadithi ya fundi viatu kama taarifa ya habari. Wazazi wakapiga makofi. Bwana Sauti akaweka koti sawa.

"Umesoma vizuri," mwalimu akasema. "Sasa niambie, kwa nini fundi alicheka?"

"Hapo pana nukta, mwalimu. Nashusha pumzi."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Haya, baba yake anamsaidia nyumbani. Baba, hebu mpe mwanga kidogo. Fundi alichekea nini?"

Bwana Sauti akasimama. Hadithi hiyo alikuwa ameisikia jioni baada ya jioni. Hakuna mkato uliompita.

"Alicheka," akasema, kwa sauti iliyofika hadi uwanjani, "kwa furaha."

Msichana wa dawati la mbele akageuka, akamtazama kwa huruma. "Hapana, baba. Viatu alivyoletewa ashone vilikuwa vyake mwenyewe. Vile alivyoibiwa."

Ndipo binti yake akacheka, kicheko cha mtu anayeisikia hadithi kwa mara ya kwanza. Kisha akamwona baba yake bado amesimama, akakimeza. Macho ya wazazi wenzake, hata ile huruma ya mtoto wa watu, yote Bwana Sauti angeyavumilia. Hicho kicheko kilichomezwa hakikuvumilika. Akakaa, akashughulika na vifungo vya koti ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

Njiani binti akauliza, "Baba, nimekuaibisha?"

"Hapana." Sauti ilimtoka ndogo. "Ghadhabu ni hasira. Hasira kali."

"Kama ya mama jana?"

"Kama ya mama jana."

Majina ya kikundi cha marudio yalitoka Ijumaa. La binti lilikuwamo. Kati ya wote waliobakizwa, ni yeye peke yake aliyekuwa akisoma na mzazi wake kila jioni.