Mazoezi ya Joto kwa Wifi Yangu

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliporudi Kivinje baada ya miaka mingi ya kufanya kazi hotelini Dar es Salaam, hakufungua duka wala mgahawa kama tulivyodhani. Alisafisha ghala la marehemu baba yao, lile la kuta nene za mawe na chokaa lililokuwa likiwekwa korosho, akaziba madirisha kwa mbao, kisha akawatangazia wanawake kuwa anafungua mahali pa mazoezi. Yoga ndani ya joto, na kunyanyua vyuma. Niliposikia neno "joto" nilidhani nimesikia vibaya.

"Joto lipi tena, wifi?" nilimuuliza. "Hili la Kivinje halitutoshi?"

"Hili halitulii," akanijibu. "Upepo ukivuma linaondoka. Mimi nataka likae."

Sikumwelewa. Maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta kivuli, na sasa huyu anaziba madirisha ili watu watoke jasho kwa hiari yao. Nikamweleza mume wangu. Akacheka, akasema dada yake alikuwa hivyo tangu mdogo, kisha akarudi kwenye redio yake. Hakunisaidia kitu.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo kazi ya kushona nguo za mazoezi ilikuja kwangu. Wifi alitaka suruali pana za pamba na kanzu fupi zinazofika magotini, ili hata mwanamke mwenye mume mkali asikose la kuvaa. Nikashona. Akazirudisha mara mbili, zinabana mapajani. Mara ya tatu akaniambia, "Wifi, njoo uvae mwenyewe, ufanye na sisi. Utajua zinabana wapi. Na huo mgongo wako utapona."

Mgongo wangu ulikuwa unanisumbua kweli. Pamoja na cherehani nina jukumu jingine, nililorithi kwa mama yangu mkubwa: kuosha maiti wa kike hapa mtaani. Kumgeuza mtu aliyekufa si jambo dogo, maana hakusaidii hata kidogo. Siku hizo nilikuwa nikimaliza kuosha, wenzangu wananishika mikono ndipo nisimame.

Basi nikaenda. Ilikuwa asubuhi, baada ya watoto kwenda shule. Majiko yalikuwa nje chini ya kibanda, masufuria makubwa yanachemka, na wanawake wawili wakiyaingiza ndani yakiwa yanafuka. Wale wasio na uwezo wa kulipa ndio waliokuja na kuni na kuchota maji, na hakuna aliyewatazama tofauti. Mimi nikadhani tunajifukiza. Nikainama juu ya sufuria nitafute majani ya muarobaini.

"Hakuna majani, wifi," akasema. "Ni maji matupu."

"Sasa yanatibu nini?"

"Hayatibu. Yanalegeza."

Ndani walikuwa watu niliowajua wote. Wakaanga samaki wa sokoni, nesi wa zahanati, mwalimu wa chekechea, na bibi mmoja mjane, mkubwa kuliko sisi sote, aliyesema amekuja kwa sababu alisikia watu wanacheka akataka kujua wanacheka nini. Lakini katika ule mvuke, wamevaa nguo nilizozishona mwenyewe, nilikuwa nawatazama kama wageni. Nesi bila sare yake nilimwamkia mara mbili.

Kabla hatujaanza ukazuka ubishi wa mikeka. Kuna mkao mmoja ambao mtu anapiga magoti na kuweka paji la uso chini. Mkaanga samaki mmoja akasema hiyo ni sijida, na sijida haifanywi ovyo. Wifi akasema si sijida, ni kunyoosha mgongo, na ili ijulikane hivyo mikeka ameielekeza mbali na kibla. Mwalimu akasema kukipa kibla mgongo nako si adabu. Wakaanza kuizungusha mikeka, huku na huku, mvuke unapotea mlangoni. Mwishowe tukailaza kibla kiwe ubavuni, tukawa tunatazamana na ukuta wa upande wa barabara. Hadi leo sijui kama tulifanya sawa.

Halafu wifi akatuambia tuweke mikono chini, tuinue makalio juu. "Hii inaitwa mbwa."

"Mbwa?" Bibi akasimama wima. "Mimi na udhu wangu niwe mbwa?"

"Ni jina tu, bibi."

"Nipe jina jingine. Mimi nitakuwa mbuzi."

Ikawa mbuzi. Tukainama wote mbuzi, jasho linatiririka kutoka shingoni hadi kwenye pua, na yule bibi akawa anacheka chini kwa chini hadi akaanguka kwa ubavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nashangaa mikono yangu, inashindwa kubeba uzito wangu, mikono inayoendesha cherehani na kutwanga na kubeba.

Vyuma vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Hapo ndipo nilipofundishwa kuinama kwa magoti badala ya kiuno, kuvuta pumzi kwanza, na kusukuma sakafu kwa visigino. Nikanyanyua. Mgongo haukulalamika. Nikaweka chini, nikanyanyua tena nihakikishe.

Mwisho wifi akazungumza kwa sauti ndogo. "Sasa laleni chali. Miguu iachane, viganja vitazame juu. Legezeni taya. Laleni kama maiti."

Wote wakalala. Mimi nikalala pia. Lakini nikafungua macho, nikageuza kichwa, nikawaona: wamenyooka mstari mmoja, midomo wazi kidogo, vidole vya miguu vimeanguka nje. Ninaijua hali hiyo. Naijua kwa mikono. Yule bibi alikuwa karibu nami, uso umelowa kana kwamba nimemmwagia maji mimi. Nilimsubiri apumue. Akapumua. Nikasubiri tena.

Nikainuka, nikatoka nje na suruali yangu inayodondosha jasho. Wifi akanifuata.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Umeudhika?"

"Hapana."

"Sasa nini, wifi?"

"Sijui," nikamwambia, na nilikuwa nalia. Sikuwa na huzuni. Ningejua kama ni huzuni. Ilikuwa kama mtu mwingine anatumia macho yangu.

Nilidhani sitarudi. Nilirudi wiki ileile, maana usiku ule nilikuwa nimelala bila kugeukageuka. Na nikaendelea kurudi. Kila siku, walipolala, mimi nilikaa kitako nikiegemea ukuta. Watu wakaniuliza mtaani: ni matibabu? Ni michezo? Ni dini ya watu gani? Mke wa imamu aliniuliza kwa upole kabisa, akitaka kuelewa, na nilimjibu majibu matatu ambayo hayakupatana. Akanitazama, akasema, "Basi na mimi nitakuja nione." Akaja, akaacha kuuliza.

Yule bibi alisafiri kwenda Kitomanga kumsaidia ndugu yake wakati wa korosho. Aliugua huko, akarudishwa Kivinje akiwa hawezi kusema, na hakumaliza wiki akafariki. Nikaitwa.

Nimeosha wengi, na sijawahi kuchanganyikiwa mbele ya maiti. Mbele ya huyu nilichanganyikiwa. Alikuwa amelala vilevile. Viganja juu, vidole vya miguu nje. Nikashika kata ya maji, nikasimama tu. Nilikuwa nasubiri sauti ya wifi iseme, "Haya, taratibu, rudisheni pumzi, geukieni upande wa kulia." Ndivyo alivyokuwa akiwaamsha. Mwenzangu akaniuliza kama nimesahau dua. Sikuwa nimesahau. Nikaanza, upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Ilipofika kumgeuza nikakunja magoti, nikavuta pumzi, nikasukuma sakafu kwa visigino, na akageuka mwepesi, bila kushtuka, bila mimi kushikwa na mtu. Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru nani, yeye au wifi.

Baada ya matanga kukawa na maneno. Wengine walisema ni uchuro, watu wazima kujilaza kama maiti kila siku, hadi kifo kikasikia kikaja. Nesi akaeleza kuwa bibi alikuwa na presha ya miaka mingi na hakuwa amekanyaga ghalani mwezi mzima. Walimsikiliza, kisha wakarudia yaleyale. Kwa siku kadhaa walikuja wachache tu. Wifi akanijia dukani kwangu ninakoshonea, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Wewe ndiye unayejua habari za maiti," akasema. "Niambie, niache kule kulala kama maiti?"

Nilikanyaga cherehani kidogo ili nipate muda. Nilitaka kumpa jibu, kwa kweli nilitaka. Nikamwambia tunawafunga taya na kuwanyoosha miguu kwa sababu wao hawawezi, na hawa wa kwako wanajilegeza wenyewe, na sijui kama hayo mawili yanahusiana.

"Hilo si jibu, wifi."

"Najua."

Hakuacha. Alibadilisha jina tu, akawa anasema "pumzikeni." Wengi wakarudi.

Siku moja akaja binti wa yule bibi, mwanamke mwenye watoto wake, anayelima huko Kikole. Alisimama mlangoni na baibui lake, mvuke ukimgonga usoni, akanitafuta mimi kwa sababu ananijua.

"Shikamoo, mama. Mama yangu alikuwa akija hapa. Kila nikimpigia simu anaongea habari za hapa, anacheka hadi anashindwa kumaliza. Alikuwa anafanya nini humu?"

Nilifungua mdomo. Mbuzi, nilitaka kusema. Kibla. Zege. Nyuma yangu wenzangu nao walikuwa wanangoja kusikia nitakavyosema.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Vua viatu uingie. Nguo yako nitakupima baadaye."