Jiwe Ambalo Halikuwemo Kiatuni

Wakati ule nilikuwa nafundisha darasa la tano hapa Tunduma, na kusimama kutwa nzima kulikuwa sehemu ya kazi. Darasa letu lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na mwalimu akikaa kitini, nyuma kule hakuna anayesoma. Asubuhi moja nilikuwa ubaoni naandika hesabu za sehemu, nikahisi nimekanyaga kokoto. Ulikuwa mguu wa kulia, pale kwenye nyama ya mbele ya unyayo, nyuma kidogo ya vidole. Nikavua kiatu, nikakikung'uta. Hakikudondoka kitu. Nikavaa. Kokoto lipo.

Nikavua tena na kuingiza mkono, nikapapasa mpaka kwenye ncha. Soli ilikuwa laini. Watoto wakaanza kucheka, na mimi nikacheka nao ili wasione kwamba nimeshangaa.

Jioni nikampa mume wangu kile kiatu. Yeye ni fundi wa malori, mtu wa kuamini kwamba kila kelele ina nati yake iliyolegea. Alikimulika kwa tochi ya simu, akabandua ile ngozi ya ndani kwa koleo, akatafuta msumari.

"Mama watoto, humu hamna kitu."

"Weka mkono vizuri."

"Nimeweka."

"Sasa mbona nakanyaga kitu?"

Akanitazama kama anavyomtazama dereva aliyeleta gari akidai linagonga, halafu gari likifika gereji linanyamaza. Nikavaa viatu vingine. Lipo. Nikavaa ndala. Lipo. Nikasimama peku kwenye sakafu ya saruji, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa sababu sasa hapakuwa na kiatu cha kusingizia.

Kila niliyemweleza alikuwa na jibu lake. Mama mkwe wangu, aliyeko kijijini Ruanda, aliuliza kwenye simu kama kuna mtu tuliyekosana naye, na kama nimeangalia vizuri pale mlangoni ninapokanyaga asubuhi. Jirani yangu, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge karibu na mpaka, alisema hiyo ni gauti moja kwa moja, niache nyama nyekundu na maharage. Nikaacha nyama, nikaacha maharage, nikaomba kanisani, na nikaosha kizingiti kwa maji ya chumvi. Nilifanya yote kwa pamoja maana sikujua lipi ndilo lenyewe. Maumivu hayakuniambia. Siku nyingine yalikuwa kokoto, siku nyingine kaa la moto, na siku nyingine vidole viwili vilikufa ganzi kabisa, kama si vyangu.

Mwishowe nikaenda hospitali. Daktari aliubonyeza unyayo kwa kidole gumba, nikaruka. Akaagiza picha ya mguu, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Mifupa yako mizima, mwalimu."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikazidi kuchanganyikiwa. Kama kila kitu kizima, nini kinauma?

"Uzito wako wote unaangukia hapa mbele," akasema. "Viatu vya kisigino uachane navyo kwa sasa. Tafuta pedi laini uweke ndani ya kiatu."

"Pedi?"

"Pedi za miguu. Zipo madukani."

Nikaenda duka la dawa. Mbele yangu walikuwapo wanaume wawili, madereva kwa mwonekano wao. Zamu yangu ilipofika nikasema kwa sauti ya darasani, "Naomba pedi." Binti wa dukani akawatupia jicho wale wanaume, akainama chini ya kaunta, akafunga kitu kwenye gazeti, kisha akakitia ndani ya mfuko mweusi na kunisogezea kama anayenificha aibu. Nikamshukuru, nikaondoka. Nyumbani nikafungua, nikakuta pedi za akina mama, zenye mabawa.

Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Daktari alisema pedi laini. Hizi zilikuwa laini. Nikajiuliza kama ndizo, kama watu wote wanajua kwamba ndivyo zinavyotumika ila mimi. Nikaibandika moja ndani ya kiatu, nikaenda nayo shule. Kufikia mapumziko ilikuwa imejikunja ikawa kamba chini ya vidole, nikaenda kuibandua chooni.

Jirani yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini kwenye vitenge vyake. Akanielekeza kwa mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitu vya viatu: kamba, dawa ya rangi, soli za ndani. Nikavuka Jumamosi. Nikamsalimia, "Mulishani," ambalo ni kama neno langu pekee la Kibemba, na yeye akajibu kwa maneno mengi ambayo sikuyaelewa hata moja. Nikanyanyua mguu, nikamwonyesha.

"Ah, ba madam, hapa?" akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Iko."

Akanitolea pakiti ya vitakia viwili vya jeli, vyepesi, vyenye umbo la tone la maji, na katikati vimeinuka kidogo. Maelezo yalikuwa kwa maandishi ya Kichina. Palikuwa na mchoro wa unyayo na mshale. Nilipomuuliza vinawekwa wapi hasa, akapigapiga unyayo wake mwenyewe pote, kutoka vidoleni hadi kisiginoni, na kusema, "Hapa."

Ule mchoro nao ulinitesa. Sikuelewa kama mguu umechorwa kwa juu au kwa chini, na kwa hiyo sikujua kama naangalia wa kulia au wa kushoto, wala kama ile ncha nyembamba ya tone inaelekea vidoleni au nyuma. Nikafanya ambalo mtu yeyote angefanya: nikakibandika palepale panapouma. Kesho yake shuleni nilitembea kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Lile kokoto sasa lilikuwa limepata mwenzake. Nikakigeuza ncha mbele. Nikakisogeza mpaka chini ya vidole, kiatu kikabana. Nikakihamishia kwenye kiatu cha kushoto, na mguu wa kushoto, ambao haujawahi kunikosea, ukaanza kulalamika. Mume wangu akauliza kama nina uhakika kwamba vinatumika kwa binadamu.

Shule zilipofungwa nikaenda Itumba kumwona mama yangu. Anaishi peke yake kwenye kilima, na kipindi hicho alikuwa anapanda maharage. Nilivaa raba za zamani, vitakia vikiwa ndani bado, zaidi kwa ukaidi kuliko kwa matumaini. Tulipokuwa shambani mvua ikatukuta. Tulimalizia mstari tuliokuwa tunapanda, tukaanza kuteremka kwenye kinjia chenye utelezi, mama mbele, mimi nyuma, viatu vyangu vimejaa maji.

Katikati ya mteremko nikasimama. Kulikuwa na kitu kimepungua, na sikujua ni nini. Nikakanyaga kwa nguvu. Nikakanyaga tena. Nikadhani mguu umekufa ganzi wote, nikaminya vidole ndani ya kiatu, nikavisikia vyote. Hapakuuma. Nilibaki nimesimama palepale kwenye mvua, naogopa kuinua mguu, nisije nikakiharibu hicho nilichokifanya bila kujua.

"Una nini?" mama akauliza. Tunapokuwa wawili anaongea Kindali.

"Sijui. Hauumi."

"Hauumi nini?"

Sikuwa nimemwambia, kwa kuwa sikutaka kumpa mzigo. Tukafika nyumbani, nikavua raba taratibu. Gundi ilikuwa imelowa ikaachia, na kitakia kilikuwa kimegeuka na kurudi nyuma, ncha ikielekea kisiginoni, kikakaa chini ya sehemu isiyouma kabisa, nyuma ya pale panapouma. Kwa hiyo kilikuwa kinainua unyayo kutokea nyuma, na pale penye maumivu pakapumua. Nilipiga alama ya kalamu pembeni yake kabla hakijasogea. Miezi yote ile nilikuwa nikipigana na maumivu uso kwa uso, kumbe dawa ilitaka kusimama hatua moja nyuma yake.

Nikamweleza mama yote, tangu lile kokoto la darasani. Alikuwa anachochea moto. Akanisikiliza bila kugeuka, halafu akasema, "Kwani wewe ulikuwa hunalo?"

"Sina nini, mama?"

"Hilo jiwe. Si kila mtu mzima analo?"

Nikamtazama miguu. Mama yangu hutembea kwa kukanyagia ukingo wa nje wa nyayo, magoti yamepanuka kidogo, na ndala zake huisha upande mmoja tu. Sisi watoto tulijua huo ndio mwendo wake, kama sauti yake ilivyo sauti yake. Haikuwahi kutupitia akilini kwamba alikuwa anakwepa kitu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Tangu mdogo wako wa mwisho. Miguu yote miwili. Nilidhani ndiyo miguu inavyokuwa."

Nilitaka kulia, na wakati huohuo nilitaka kumgombeza, na sikujua ningemgombeza kwa kosa gani. Nikachukua viatu vyake vya plastiki vya kanisani, nikavikausha kwa kanga, nikabandika kitakia kimoja kulia na kingine kushoto, nyuma ya pale aliponionyesha kwa kidole. Akavaa. Akatembea mpaka mlangoni, akarudi, akasimama katikati ya nyumba kwa uso ambao sikuweza kuusoma.

"Vinauma?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Naona kama nimevaa miguu ya mtu mwingine. Nitolee."

Nikamtolea. Nililala nimeumia moyo kidogo. Asubuhi nilipoamka alikuwa uani na viatu vya kanisani, vitakia amevirudisha ndani, anachota maji kwenye pipa. Niliporudi Tunduma nilimwachia vile vitakia, nikavuka tena Nakonde kujinunulia vyangu.

Baada ya muda akanipigia simu. Mguu wa kulia ulikuwa umepona kabisa, akasema, ila wa kushoto ulikuwa umezidi. Nikamwambia akisogeze kitakia nyuma. Alikuwa amekisogeza. Mbele? Pia. Nikamwomba aje Tunduma nimpeleke kwa daktari wangu.

Nilimsubiri pale magari ya Itumba yanaposhushia, nikawa natazama mwendo wa miguu ya abiria, nikitafuta ule wa mama. Mama mmoja akanipita na kifurushi cha maharage kichwani. Mguu mmoja ulikuwa unakanyaga sawasawa, mwingine unachechemea. Nikaendelea kumtafuta mama yangu nyuma yake.

"Wewe," akasema, "hunioni?"

Daktari alimbonyeza kwa muda mrefu. Alieleza kwamba wa kulia ni kama wangu, lakini kwenye wa kushoto kuna mshipa wa fahamu uliovimba katikati ya mifupa ya vidole, na umekaa hivyo miaka mingi. Kitakia peke yake hakitatosha. Ipo sindano, na ikishindikana upo upasuaji mdogo.

Mama akauliza kama akipasuliwa atapona. Daktari akasema wengi hupona. Mama akauliza tena kama asipopasuliwa atakufa. Daktari akacheka, akasema hapana.

"Basi huu mmoja unatosha," mama akasema, akaanza kuvaa viatu.

Nilijaribu kumshawishi njia nzima mpaka nyumbani, na mezani tena. Alikula wali wake, akanisikiliza kwa heshima kama mgeni, kisha akaniambia kwamba kwa muda mrefu hakujua kwamba anaumwa, na sasa ninataka aamue yote kwa siku moja. Mpaka leo sijui kama nilimsaidia au nilimpa maumivu kwa kuyapa jina.

Alikaa kwetu siku chache. Siku ya kuondoka alikitoa kitakia cha kushoto, akakiosha kwa sabuni, akakianika dirishani. Nilipomuuliza anakipeleka wapi akasema kuna mama wa kwaya yao anatembea vibaya, atamjaribishia. Akaniuliza tu ile ncha inaelekea wapi.

"Ncha nyuma," nikamwambia.

"Una uhakika?"

Nikavua kiatu changu ili nihakikishe.