Kosa la Chifu

Dada yangu hufundisha wanagenzi wa ufundi mitambo, wale vijana wanaosomea kazi ya kuhakikisha redio na televisheni hazipotei hewani. Kila mwaka, darasa jipya likishajua kukunja waya bila kuuvunja na kulehemu bila kujichoma vidole, hufunga mlango na kuwafundisha somo ambalo halimo kwenye mtaala. Somo hilo linaitwa Kosa la Chifu. Jina amelitunga mwenyewe.

Katika kituo cha redio kuna kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita mlinzi. Kazi yake ni kusikiliza tu. Sauti ikikatika, pakawa kimya kwa sekunde kadhaa, mlinzi hudhani kuna kitu kimeharibika, naye hufungulia muziki wa akiba ili msikilizaji asidhani redio yake imekufa. Ni kifaa kizuri ila hakina akili. Hakijui kutofautisha ukimya wa hitilafu na ukimya wa heshima. Kwa hiyo, siku ya maombolezo, watu wakikaribia kuombwa wanyamaze kidogo kwa ajili ya marehemu, lazima fundi amzime mlinzi kwanza.

Dada alilijua hilo tangu wiki zake za mwanzo kazini. Alikuwa msichana pekee katika kundi la wanagenzi walioletwa kituoni mwaka ule, na wenzake walizoea kumtuma chai. Aliyekataza mchezo huo alikuwa mkuu wa mafundi, mwanamume mnene mwenye sauti ya pole ambaye kila mtu alimwita Chifu, hata mkewe alipopiga simu mapokezi. "Huyu binti ana sikio," Chifu aliwaambia. "Anasikia waya uliolegea kabla ninyi hamjauona." Akamkalisha kando yake mbele ya mitambo. Dada alirudi nyumbani siku hiyo akamwiga Chifu mezani, tumbo mbele, hadi baba akacheka mpaka akapaliwa. Nayasema haya kwa sababu watu hudhani alimchukia tangu mwanzo. Alimpenda kama mjomba.

Mlinzi alifungiwa ndani ya kisanduku cha bati ili mtu asimguse ovyo, na ufunguo wa kisanduku ulikuwa mmoja tu. Chifu aliuning'iniza kiunoni pamoja na funguo za gari na za nyumba, ukawa unamtangulia kwa kelele kila alikokwenda.

Mafuriko yalipoua watu wengi mwaka ule, iliandaliwa ibada kubwa uwanjani, na redio ikaitangaza moja kwa moja. Chifu na dada walikuwa zamu chumba cha mitambo. Kiongozi wa ibada alipoanza kuwaandaa watu kusimama kimya, dada alimgeukia Chifu.

"Chifu, mlinzi?"

Chifu alikuwa kwenye simu, anabishana na muuza mabati. Alifunika simu kwa kiganja.

"Binti, mimi nilikuwa nazima mlinzi kabla hujazaliwa."

Akarudi kwenye mabati yake. Uwanja ukanyamaza. Majumbani nako watu walisimama mbele ya redio zao, vichwa chini, na wengi wao walikuwa wamezika wiki ile ile. Kisha mlinzi akafanya kazi yake. Ukapigwa wimbo wa harusi, ngoma na vigelegele, na mwimbaji akimwambia bibi harusi achezeshe mabega. Chifu aliruka kitini, akapapasa kiuno, akakosea ufunguo, akakosea tena, na kufuli lilipofunguka bibi harusi alikuwa ameshachezesha mabega ubeti mzima.

Kesho yake wakubwa wakaketi. Chifu aliongea kwa upole wake ule ule. Alisema ufunguo alimkabidhi binti. Alisema, "Nilimwamini. Kosa langu ni hilo tu, kumwamini." Dada alipoulizwa alisema ufunguo haukuwahi kutoka kiunoni kwa Chifu, na wote mezani wakamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevunja kikombe akamsingizia paka. Mafunzo yake yakaishia pale. Kabla hajafika getini tayari alikuwa na jina jipya: Bibi Harusi.

Jina lilimtangulia nyumbani. Baba hakumgombeza. Alihamisha redio kwenye kituo kingine na hakuirudisha tena. Shangazi, ambaye hajui kunyamaza hata akilipwa, alisema, "Mwenzangu, si ungesubiri uolewe kwanza ndiyo upige hizo nyimbo?" Watu wakacheka, na dada akacheka nao. Miaka ilipita, akaolewa kweli, na mshereheshaji ambaye alikuwa amelipata lile jina sijui wapi akapaza sauti ukumbini: "Safari hii bibi harusi yupo na wimbo upo, hakuna atakayefukuzwa kazi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilimtafuta dada, nikamkuta jikoni amekaa juu ya kreti la soda, shela amelikusanya magotini.

"Nitamlipa," akasema.

Sikuuliza nani. Nilimfuta wanja uliochuruzika, tukarudi ukumbini, na akacheza vizuri tu.

Alichukua muda mrefu kujijenga upya. Alitengeneza vipaza sauti na redio mbovu kwenye duka la rafiki wa mumewe, akaomba nafasi chuo cha ufundi, akasoma akiwa mjamzito, akamaliza wa kwanza, na chuo hicho hicho kikamwajiri. Mtu mwingine angesema ameshinda na yaishe. Dada aliona ndiyo kwanza amepata silaha. Wanagenzi aliowafundisha walikwenda vituo vyote vya redio na televisheni, na kila mmoja aliondoka na lile somo: siku ile, simu ile, mabati, ufunguo kiunoni, na maneno ya Chifu mezani neno kwa neno. Hakuongeza chumvi. Alisema ukweli una chumvi yake ya kutosha.

Baada ya muda neno likawa msemo wa mafundi. Mtu akisahau jambo kisha akamtwisha lawama mdogo wake kazini, wenzake humwambia, "Usinifanyie Chifu." Siku moja kijana mgeni alilisema hilo ndani ya kituo kile kile cha zamani, wakati wanajiandaa kwa maombolezo mengine. "Tumzime mlinzi mapema, tusije tukafanya Chifu." Chumba kizima kilicheka, ila mzee mmoja aliyekaa nyuma na funguo zake kiunoni.

Huenda yote yangebaki hivyo, lakini Chifu alikaribia kustaafu, na kituo chake kikaamua kukipa chuo studio ndogo ya mazoezi, yenye mitambo iliyotumika lakini mizima. Mkurugenzi wa kituo alitaka studio hiyo ipewe jina la Chifu, maandishi ya shaba mlangoni. Mkuu wa chuo alimpa dada habari hiyo kama mtu anayetoa zawadi. Dada alisema, "Sawa," akaenda kufundisha. Jioni alinipigia simu, akasema, "Nitakuwa nafungua mlango wa jina lake kila asubuhi."

Wiki hiyo hiyo Chifu alimfuata ofisini. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea dada dawa za mama, na hakuna aliyeniambia nitoke.

"Habari za kazi, Mwalimu."

"Njema."

Hakumwamkia. Dada yangu, aliyelelewa kumwamkia hata mpita njia muuza mkaa, alimtazama mzee wa umri ule akaendelea kukaa.

"Nasikia kuna somo," Chifu alisema.

"Lipo."

"Na lina jina langu."

"Lina cheo chako. Jina lako linakwenda mlangoni, nimeambiwa."

Chifu alitabasamu kidogo, akavuta kiti. "Mwanangu, mambo yale ni ya zamani. Mimi nilikuwa na watoto, mke, nyumba haijaezekwa. Wewe ulikuwa msichana, maisha yote yako mbele. Nikafikiri, huyu atapata pengine. Na si umepata? Tazama ulipofika."

"Kwa hiyo unataka nikushukuru."

"Nataka tuyamalize. Naenda kupumzika. Sitaki nipumzike watoto wa watu wakinifanya msemo."

Dada alifikiri. Namjua dada, hakuwa anafikiri, alikuwa ameshafikiri zamani. "Njoo ulifundishe wewe," akasema. "Mara moja tu. Uwaambie ufunguo ulikuwa wapi. Ukisema hadharani, mimi nalifuta, sitalifundisha tena."

"Mbele ya wanafunzi wako?"

"Studio mpya. Alhamisi mchana."

Mzee aliondoka amefarijika. Nilimwona akishuka ngazi, nikamwonea huruma, kisha nikakumbuka lile shela, huruma ikapungua.

Alhamisi dada aliniambia nikae chumba cha mitambo, upande wa pili wa kioo, pamoja na mwanagenzi mmoja wa kiume aliyeshika mikseri ya sauti. Hapo ndipo nilipojua alichopanga. Mchana huo chuo kilikuwa kinajaribu laini mpya kati ya studio na kile kituo cha Chifu, na wakati huo huo redio ndogo ya chuo, inayosikika mitaa ya jirani, ilikuwa hewani kutoka studio hiyo hiyo. Tangazo la jaribio lilibandikwa ubaoni kwa wote kusoma. Juu ya kioo, mbele kabisa ya macho ya mtu anayeingia studio, taa nyekundu ya kuonyesha kuwa studio iko hewani ilikuwa inawaka.

Chifu aliingia, akaiona. Hili sharti lisemwe, aliiona. Kila mtu wa kazi hii kitu cha kwanza anachoangalia ni taa. Lakini yeye ametumia maisha yake kwenye studio za kweli, na studio ya mazoezi machoni pake ni kama jiko la watoto wanaopika udongo.

"Na taa mmeiwasha kabisa," akasema akicheka. "Vizuri, mzoee."

Wanagenzi hawakucheka. Dada alimwonyesha kiti chenye kipaza sauti, naye akasimama ukutani.

Chifu alianza vizuri, ni msimuliaji hodari. Alieleza mafuriko, uwanja, ibada. Kisha akafika penyewe, na lugha yake ikaanza kujificha. Mlinzi "hakuzimwa". Ufunguo "haukutumika kwa wakati". Binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani, Chifu. Hakuzimwa na nani?"

"Na mafundi tuliokuwepo. Mitambo ni kazi ya pamoja, mwanangu."

"Na ufunguo ulikuwa kwa nani?"

Alimtazama dada. Dada alikunja mikono, hakumsaidia. Mzee alishusha pumzi.

"Ulikuwa kwangu. Kiunoni. Nilikuwa kwenye simu na muuza mabati. Mwalimu wenu alinikumbusha, nikamjibu vibaya."

"Mbona alifukuzwa yeye?"

"Kwa sababu nilisema nilimpa yeye."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Ilikuwa rahisi," Chifu alisema. "Yeye hakuwa na mtu."

Upande wetu simu iliwaka. Mwanagenzi aliipokea, akasikiliza, akafunika simu kwa mkono kama nilivyosimuliwa Chifu alivyofanya zamani. "Ni mkurugenzi wa kule," akaninong'oneza. "Anauliza anachokisikia ni nini." Akamwashiria dada kwa kidole shingoni: nikate? Dada alitikisa kichwa. Akasogea kwenye kipaza sauti, akainama juu ya bega la mzee, na kwa sauti ya watangazaji, laini na isiyo na haraka, akasema:

"Wasikilizaji, hii ni redio ya chuo. Mmekuwa nasi katika somo la usalama wa matangazo. Asanteni kwa kutusikiliza."

Chifu aliinua macho polepole kuelekea taa.

"Tuko hewani kweli?"

"Kweli."

"Hadi kule?"

"Hadi kule. Tunajaribu laini."

Hakufoka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaitazama taa tena kama ambaye bado ana matumaini ya kuwa imeungua. Kisha akatoka, na funguo zake tulizisikia hadi mwisho wa jengo.

Mlango wa studio hauna jina mpaka leo. Chifu aliagwa kimya kimya kwa saa ya ukutani, kama wengine. Mafundi wawili wa zamani walimpigia dada kumwomba radhi, mmoja alilia. Baba hakusikia chochote, matangazo ya chuo hayafiki kwake, ikabidi tumsimulie, na yeye akauliza mara mbili, "Kwa hiyo hakuwa yeye?" Wakati wote ule, kumbe, hata baba hakuwa na uhakika. Dada alitoka nje, nikamwacha.

Darasa jipya lilipokuja nilimuuliza kama somo limefutwa.

"Lipo," akasema. "Sasa lina sehemu ya pili. Taa."

"Dada, ulimwahidi."

"Nilimwahidi akisema hadharani."

"Si alisema? Mtaa mzima umesikia, na kituo chao kimesikia."

"Alisikika. Kusema hakusema. Aliwaambia watoto ishirini ambao neno lao halina uzito mjini, akijua wakitoka pale anaweza kukana." Alikuwa anajaribu waya mmoja mmoja kwa kipimo huku anaongea, akitupa mibovu upande wa kushoto. "Siku akija mwenyewe, akaiona taa, akajua ni ya kweli, akakaa akasema, siku hiyo nitalifuta."

"Mzee yule? Hatakuja."

"Najua," dada alisema, akachukua waya mwingine.