Taya la Kamongo

Wale watafiti wa mambo ya kale walipofika kwetu Kasoli, baba hakuwapenda tangu mlangoni. Walimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kwa lafudhi ya Dar, na hapo ndipo walipoharibu. "Mgeni anayejifunza salamu yako kabla ya kusema shida yake, huyo mchunge," aliniambia kando. "Watakuwa watu wa madini hao."

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Nilitaka kuoa binti wa Lamadi, wa familia ya wavuvi, na baba alikuwa amegoma katakata kwa sababu moja tu: kwao wanakula kamongo. "Sisi ni watu wa ng'ombe," alisema. "Yule samaki kwetu ni mwiko tangu mababu. Asije akanitilia shombo kwenye vyungu vyangu." Tangu siku hiyo tulikuwa tunasalimiana tu, basi.

Watafiti wakaomba kuchimba jalala la zamani nyuma ya nyumba. Walisema enzi za mkoloni palikuwa na kambi ya wanunuzi wa pamba hapo jirani, nao wanataka kujua nani alikula nini: mzungu na makopo yake, mnyapara, kibarua. Eti chakula kinaonyesha mtu alikuwa nani, au alitaka aonekane nani. Makubwa! Baba alikubali, ila akaweka kiti chake ukingoni mwa shimo wasije wakatia kitu mfukoni.

Ilitoka mifupa ya ng'ombe, baba akatabasamu. Vikatoka vigae na kopo lililoliwa na kutu. Kisha mtafiti mmoja, dada mpole, akapangusa kipande cheusi, kigumu, chenye makali.

"Huyu samaki," akasema. "Pengine kambare."

"Kambare ana meno hayo?" baba akadakia. "Hilo ni taya la kamongo!"

Mimi nikamkodolea macho. Mtu huyu aliapa miaka yote kwamba kamongo hajawahi kumwona hata sokoni.

Wageni walipoondoka nilimfuata, hasira zimenipanda. "Baba, meno ya kamongo umeyajulia wapi?"

Akasema babu alitoka ziwani, akaja hapa kuwa mpishi wa kambi. Alipotaka kuoa, wakwe walimwambia watu wa kamongo hawapewi binti. Akaapa mbele yao kwamba hali kamongo. "Ndivyo alivyogeuka kuwa mtu wa hapa. Ndugu zake wakimletea, tulikula mlango umefungwa, mifupa tunafukia."

"Kwa hiyo mchumba wangu aje?"

"Aje." Nilifurahi, nikataka kumkumbatia. "Ila wazee wa hapa wakimuuliza kwao wanakula nini, aseme nyama."

Nilimpigia simu binti palepale, nikamweleza yote. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Mimi nimesomeshwa na kamongo," alisema. "Mama yangu mpaka leo anamuuza gulioni. Nikianza kuwadanganya watu wa kwenu siku ya kwanza, wewe utaniamini lini?"

Nilimbembeleza. Nilimwambia ni neno moja tu, la siku moja. Akasema hata babu yangu alidhani hivyo hivyo.

Hakuja. Na baba aliwaambia majirani kwamba ni yeye aliyemkataa, kwa sababu ya mwiko wa ukoo.