Kaburi Ambalo Wanaume Hawakulionyesha

Makaburi ya Nakwale yalionyeshwa na wanaume. Mradi wa bwawa ulipotangaza kwamba marehemu watahamishwa kabla mto haujazibwa, wazee na wajomba wa kijiji waliandamana na afisa wa mradi, kijana aitwaye Eliakimu, wakapita naye kaburi kwa kaburi huku wasaidizi wake wakichomeka vijiti vyenye utepe mwekundu. Mwishoni Eliakimu aliuliza kama kuna jingine. Wakasema hakuna.

Kwa kadiri walivyojua, walisema kweli. Nakwale kilikuwa kijiji cha Wamakua kando ya mto unaoteremka kuingia Ruvuma, na huko mtoto aliyezaliwa bila kulia hazikwi na wanaume. Wanawake humbeba siku ileile, humlaza kwenye udongo wenye unyevu chini ya miti ya mtoni, na habari zake huishia hapo. Hakuna msalaba wala tuta. Baba haambiwi ni wapi, naye haulizi.

Anastasia alikuwa na mtoto mmoja huko. Watu humwita Mama Barnaba, kwa jina la mwanawe anayeendesha bodaboda mjini Masasi, lakini Barnaba ni wa pili kuzaliwa.

Mumewe, Fortunatus, ni mtu wa Mnyambe, juu ya uwanda wa Newala, ambako alipokuwa mdogo mama yake alishuka bonde zima kutafuta ndoo moja ya maji. Alipooa alihamia ukweni, kama desturi ya Wamakua inavyotaka, na mashemeji zake hawakumwacha apumue.

"Huyu hakumfuata Anastasia," walikuwa wakisema. "Alifuata kuoga."

"Kweli," naye hujibu, "ila sabuni niliyoikuta ina maneno mengi."

Kwa watu wa Nakwale msitu ule wa mtoni ulikuwa ghala. Wanawake walichimba ming'oko, viazi vya porini, humo miezi ambayo mahindi yamekwisha, wakaokota uyoga mvua zinapoanza, wakakata mianzi ya kujengea. Wataalamu walieleza, kwa upole na kwa ramani, kwamba miti ikiachwa izame itaoza na kuharibu maji, kwa hiyo lazima ikatwe kwanza. Hakuna aliyebisha. Familia zilipakiwa kwenye malori na kushushwa nje kidogo ya Chiungutwa, kwenye nyumba za bati zilizopangwa mistari, kila moja na kivuli chake chenyewe na si zaidi.

Anastasia alikuwa amepanga kurudi na dada yake, Anjelina, aliyekuwapo siku ile ya maziko. Wangechukua udongo kidogo, wauzike huku waliko sasa. Lakini kwanza ilikuwa kuezeka jiko, kisha msimu wa korosho, kisha goti la Anjelina likavimba. Halafu Barnaba akaja Jumapili moja kuwasalimia, akataja kama jambo la kupita kwamba mjini wanasema mto unafungwa wiki hiyo.

Mama yake alikuwa akipepeta mtama. Aliweka ungo chini.

"Dada, nataka kushuka."

"Kushuka wapi?"

"Unajua wapi."

Anjelina akamtupia jicho Fortunatus, aliyekuwa akichomeka jembe kwenye mpini. "Shemeji, hebu nenda kawaangalie mbuzi."

"Mbuzi tuliwauza."

"Basi kaangalie walipokuwa wanafungwa."

Fortunatus aliinuka, akaenda hadi nyuma ya nyumba, akasimama huko muda wa kutosha, akarudi.

"Goti lako haliwezi ule mteremko," alimwambia Anjelina. "Nitampeleka mimi."

"Huko si mahali pa wanaume."

"Nitabaki nyuma."

Kesho yake alfajiri walitoka kwa baiskeli. Kwenye tambarare alimpakia, kwenye mteremko wakashuka na kuikokota. Hawakuzungumza juu ya safari yenyewe. Walizungumza juu ya breki.

Pale ilipokuwa njia ya kuingilia kijijini palikuwa na kizuizi, na Eliakimu alikuwa hapo na kofia yake ngumu.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba. Eneo limefungwa."

"Marahaba, mwanangu," Anastasia alisema. "Kuna kaburi halikuonyeshwa."

"La nani?"

Anastasia alishika kiti cha baiskeli. Mtoto yule alikuwa hajawahi kumtaja mbele ya mwanamume yeyote.

"La mwanangu."

Fortunatus alitazama gurudumu la baiskeli.

"Liko sehemu gani, mama?"

"Chini ya mvule, mianzi inapoanzia."

Eliakimu aligeuka kutazama bondeni, kisha akamgeukia tena. Alisogeza kizuizi. "Nendeni. Mimi nitakuwa hapa mpaka mtoke."

Huko chini hapakuwa na mvule. Magogo yalirundikwa kando, mizizi imeng'olewa ikitazama juu, na kilichobaki kilikuwa uwanja wa majivu na alama za magurudumu. Anastasia alitembea huku na huku. Mahali pale alipajua kwa ubaridi: ukitoka juani, nyayo zako zilikuambia umefika. Sasa jua lilikuwa kila mahali kwa kipimo kimoja. Alijaribu kuanzia kilipokuwa kijiji, akapotea. Akarudi, akaanza upya, akapotea tena. Mwishowe alikaa juu ya kisiki na kujifunika uso kwa khanga.

Fortunatus alikuwa amesimama mbali, kama alivyoahidi.

"Mama Barnaba," aliita. "Nisogee?"

Anastasia hakuondoa khanga usoni.

"Nisogee, au nibaki?"

"Sogea."

Alimsogelea, hakumgusa. "Usitafute miti," alisema. "Njoo utazame mto. Mto bado haujakatwa."

Alimpeleka ukingoni, akaonyesha ng'ambo, kwenye mwamba alikokuwa akitegea migono ya samaki walipokuwa vijana.

"Nilikuwa nakuona kutoka pale. Umechota maji, unapanda, ukifika hapa mto unapokunja unashusha ndoo. Kila siku. Na mtu hashushi ndoo kabla hajaanza kuchoka."

"Ulijua?"

"Nilijua unashusha ndoo."

"Miaka yote hiyo, Fortunatus?"

"Nilihamisha migono. Nikaenda kutegea juu zaidi, nisiwe kama nakuchungulia."

Anastasia alimtazama, kisha akatazama kona ya mto, kisha ardhi. Alisimama pale alipokuwa akisimama na ndoo miguuni. Mvule ulikuwa mkono wa kushoto, karibu kiasi cha kuongea na mtu aliye chini yake bila kupaza sauti. Aliingia kwenye majivu, akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Chini ya majivu udongo ulikuwa bado mweusi, wenye harufu ya majani.

"Ni hapa," alisema. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli: "Au jirani na hapa."

Fortunatus alikuwa ameshageuka na kumpa mgongo. Alimsikia akitandika khanga, akasikia pia viganja vikikwangua, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Kisha sauti zikakoma.

"Baba yake," mkewe aliita.

Aligeuka.

"Njoo ushike pindo hili. Udongo ni mzito."

Alipiga magoti upande wa pili, akashika pindo. Walifunga pamoja, fundo moja lake, jingine la mkewe.

"Alikuwa nani?" aliuliza. "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Alikuwa na masikio yako."

Fortunatus aliinama juu ya lile furushi, akabaki hivyo. Anastasia hakumharakisha.

Kwenye mlima Fortunatus alitaka kulifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Anastasia alikataa, akalibeba kifuani, na alipochoka alimpa mumewe, ambaye alilibeba vivyo hivyo, mkono mmoja ukikokota baiskeli.

Eliakimu alikuwa bado pale penye kizuizi. Alivua kofia.

"Mmelipata?"

"Tumempata," Fortunatus alisema. "Ni binti."

Kijana hakujua aseme pole au hongera. Alisema zote mbili, akawafungulia njia.