Mguu wa Kutokea

Ndugu, jamaa na marafiki mnatangaziwa kwa masikitiko kuwa goti la kulia la mkulima aitwaye Nusu Jozi ni mgonjwa mahututi. Limetumika kwa uaminifu, bila likizo, likifanya kazi ya magoti mawili. Mwenye goti anakanusha.

Mguu wake wa kushoto ulikatwa baada ya kunaswa na plau ya trekta. Kituo cha afya kikampa wa bandia: laini, wa rangi ya maji ya kunde, mzuri kuliko ule wa kuzaliwa. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Nusu Jozi aliupenda mno. Akauvisha kiatu cheusi, akaufunga kwenye shuka safi, akauweka juu ya kabati. Ukawa mguu wa kutokea: harusi, misiba, mikutano ya shule. Shambani alikwenda na mguu mmoja, ameegemea mpini wa jembe, akiruka tuta hadi tuta kama kunguru mwenye haraka.

"Mtaalamu wa viungo alisema huo ni wa kazi," mkewe alimwambia. "Usipouvaa, mzima ndio utakaoumia."

"Mama watoto, kitu kizuri namna hii nikakitumbukize kwenye tope?"

Fundi viatu naye hakumsaidia. "Mteja wangu," alikuwa akimtania, "cha kulia nimekishona mpaka uzi umenionea huruma. Cha kushoto lini?" Nusu Jozi alicheka, akaenda zake akichechemea. Msimu wa joto ukaingia, bado anavaa suruali ndefu. Mkewe akadhani ni maringo.

Asubuhi moja baada ya mvua, jembe liliteleza. Uzito wote ukaliangukia goti, likalia *ko!* Mkewe alimkuta amekaa katikati ya mahindi.

"Unafanya nini hapo?"

"Nachunguza magugu."

"Umeyakalia?"

"Nayachunguza kwa karibu."

Mama watoto hakucheka. Alimpandisha suruali. Goti lilikuwa limevimba kama boga, na uvimbe wenyewe haukuwa wa leo. Ngozi ilikuwa imeshavutika ikang'aa. Aliligusa kwa kidole tu, mwanamume akauma mpini wa jembe.

"Tangu lini?"

Nusu Jozi aling'oa gugu moja, akalitupa pembeni.

"Nakuuliza, tangu lini?"

"Tangu palizi ya mwaka jana."

Mwanamke alikwenda nyumbani. Aliporudi alikuwa ameukumbatia mguu wa bandia pamoja na shuka lake. Akaufungua mbele yake, akauchovya kwenye tope, kiatu kikazama mpaka kwenye kamba.

"Mwanamke, umerukwa na akili!"

"Umeshachafuka. Huna tena cha kutunza. Vaa, uniegemee, twende kituoni." Akamsogezea mikanda. "Huu ukivunjika watatupa mwingine, baba watoto. Goti hilo likienda, utasimamia nini? Mimi nitakubeba mgongoni mpaka lini?"

Nusu Jozi akaufunga mikanda. Wakainuka pamoja, yeye akimshika mkewe begani. Wa bandia ulisimama imara, tope likidondoka. Mzima ndio uliokuwa ukitetemeka, na haukuacha kutetemeka walipotulia.

Mkewe aliutazama. "Tumechelewa?" akauliza polepole. "Niambie kweli. Tumechelewa?"

Nusu Jozi alikuwa anakitazama kiatu.

"Sijui," akasema. "Ila dawa ya viatu imeisha."