Nani Kachinja Leo?

Kabla kujitolea hakujawa jambo la kujaza fomu kwenye simu na kupewa fulana yenye maandishi mgongoni, sisi watoto wa mtaa wa Mabatini tulijitolea kwa kuvutwa sikio. Mama alikuwa akirudi kutoka kikao cha Umoja wa Wanawake, anavua viatu mlangoni, anatangaza kwamba Jumamosi nimejitolea. Habari za ukarimu wangu nilikuwa nazipata kwake.

Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa juu kwenye mawe, mahali unapoliona ziwa lote chini, na kila mwaka baada ya mavuno lilifanya Siku ya Majirani. Lengo, kama lilivyosomwa kwenye matangazo, lilikuwa kuwafikia watu wote wa mtaa bila kujali dini. Lengo la watoto lilikuwa pilau. Chini ya turubai watu walipimwa presha bure, na akina mama waliofahamiana walitajiana namba zao kwa majivuno kama matokeo ya darasa la saba. Kulikuwa na mbio za magunia, kulikuwa na kuvuta kamba, kulikuwa na meza ya nguo za kugawa ambako ungeweza kuliona gauni lako la zamani likiondoka na adui yako. Kwaya iliimba kwa kinanda cha umeme, na jenereta ilizimika kila wimbo ulipofika ubeti wa tatu. Mchungaji akiombea chakula alizipitia nchi zote zenye shida, moja baada ya nyingine, na sisi tulikuwa tunafumbua jicho moja kuangalia kama sufuria bado zinatoa mvuke.

Sasa, mbuzi wa siku hiyo walikuwa na utaratibu wao, na mtu wa rika langu hahitaji kuelezwa. Kanisa linanunua, Wakristo wanapika, lakini anayechinja ni Mwislamu, ili kila jirani ale bila wasiwasi. Kwetu mchinjaji alikuwa Mzee Sefu, mwenye bucha kule chini barabarani. Alikuwa anapanda asubuhi, anachinja, anakunywa chai ya tangawizi na Mchungaji, kisha anarudi kwenye kazi zake. Sikumbuki kikao chochote kilichowahi kulijadili jambo hilo.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na moja nilipewa kazi mbili: asubuhi nimwite Mzee Sefu, na mchana niwanawishe wageni mikono. Mama akatema mate chini, pale pale kwenye uwanja wa kanisa, mbele ya Mchungaji.

"Koku, mate haya yasikauke kabla hujarudi!"

Nikashuka mawe mbio. Kwenye kona nikamkuta Zuhura, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, anacheza rede na wenzake. Watoto wa siku hizi rede hawaijui. Wao wakikwepa kitu ni mboga za majani. Wawili wanakurushia mpira wa matambara, wewe uko katikati unaukwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa, na usipopigwa mpaka chupa ijae, wewe ni malkia. Nilisema nacheza mara moja tu. Nikajaza chupa ya kwanza, nikajaza ya pili, na Zuhura akaniapia kwamba nikijaza ya tatu nitakuwa nimevunja rekodi ya mtaa. Nilipoijaza, jua lilikuwa limepanda na mate ya Mama yalikuwa yamekauka zamani.

Buchani nikamkuta mke wa Mzee Sefu peke yake. Akaniambia mumewe alisubiri, akaona kimya, akadhani kanisa limepata mtu mwingine, akaenda zake Kisesa kutafuta ng'ombe.

Nilirudi taratibu, maana haraka haikuwa na faida tena. Nyuma ya kanisa mbuzi watatu walikuwa wameshaning'inia. Mzee Eliezeri, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mtu asiyeweza kungoja kitu. Hata "amina" alikuwa anaiitikia kabla sala haijaisha. Alikuwa amechinja mwenyewe, akisaidiwa na mwimbaji mmoja wa besi.

"Sefu yuko wapi?" akaniuliza.

"Kaenda Kisesa."

Akajifuta mikono kwa jani la mgomba. "Basi yameisha. Mbuzi ni mbuzi. Akishaingia kwenye pilau, nani atajua?" Kisha akainama mpaka nikaona mba kwenye nyusi zake. "Wewe ndiye uliyechelewa. Ukinyamaza, na mimi kwa mama yako nanyamaza."

Akanikatia kipande cha ini, akakibanika kwenye makaa kwa mkono wake wa uenyekiti, akanipa. Nikakila. Sitawadanganya, kilikuwa kitamu. Lakini nikiwa bado najilamba vidole, nikaelewa kilichokuwa kinakuja. Majirani wetu Waislamu wangepanda ile njia ya mawe na watoto wao, wangekula chakula ambacho dini yao inawakataza, na wangekula kwa kuwa walituamini. Mama na wapishi wenzake waliletewa nyama ikiwa imeshakatwa, wakadhani Sefu kaja na kuondoka. Waliokuwa wanajua ni watatu tu, na mmoja alikuwa mimi.

Ilipofika saa saba mchana uwanja ulikuwa umejaa. Mzee Eliezeri alishika kipaza sauti akawakaribisha watu kwa hotuba ndefu kuhusu upendo. Mimi nikapita na jagi na beseni, taulo begani, mstari kwa mstari. Mstari wa mbele alikaa Bi Mwajuma, bibi yake Zuhura, na kanga yake ya kutokea. Mtaani aliogopwa kuliko mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Zuhura alikuwa amekaa ubavuni kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanyoosha mikono juu ya beseni. "Hebu niambie, nani kachinja leo? Sefu nimemwona asubuhi anapanda gari la Kisesa. Nimemuuliza Eliezeri, kaniambia nisiwe na wasiwasi. Ndiyo nikaanza kuwa na wasiwasi. Wewe ukisema ni sawa, nakula."

Nikaanza kumwagia maji. Mikono ikatakata, nami nikaendelea kumwaga. Jagi likaisha, beseni likafurika mpaka kwenye kandambili zake, na yeye mikono hakuiondoa. Zuhura alikuwa ananitazama. Niliogopa fimbo, niliogopa kamati nzima, niliogopa zaidi kwamba atakula.

"Ni Mzee Eliezeri, bibi. Mimi nilichelewa. Nilikuwa nacheza rede."

Zuhura akaanza kuyachunguza mawe ya kule mlimani kwa makini sana.

Bi Mwajuma akakung'uta mikono. "Niitie mama yako," akasema polepole.

Mama alikuja na mwiko mkononi. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunitazama. Kisha akaenda moja kwa moja mbele, akamnyang'anya Mzee Eliezeri kipaza sauti alipokuwa ndiyo kwanza amefika kwenye neno "umoja." Kile kipaza sauti, ambacho asubuhi nzima kilikuwa kinakoroma, kikatoa kila neno safi kabisa.

"Majirani zetu, tusameheni sana. Nyama hii hakuchinja Sefu. Ndugu zetu Waislamu, pilau msiliguse. Kosa ni letu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wakaanza kunyanyuka, akina mama wakitafuta watoto wao, na mwanaume mmoja akasema kwa sauti kwamba hatakanyaga tena hapo. Ndipo Bi Mwajuma akageuka kwenye kiti chake.

"Kaeni chini! Mna ziwa zima pale, mnalilia mbuzi? Samaki anachinjwa na nani?"

Baiskeli mbili zikatumwa Mwaloni, kwenye soko la samaki. Baba Kiran, Mhindi wa duka la kona, ambaye kila mwaka alikuja na chakula chake kwenye hotipoti kwa kuwa hali nyama, alikwenda kufungua duka akaleta debe zima la mafuta. Samaki wakaja, sato watupu, na akina mama wa kanga na wa baibui wakakaa pamoja juu ya mawe wakiwapara magamba na kugombana kuhusu chumvi. Mchungaji alitangaza kwamba siku hiyo wote tutakula ugali na samaki, na pilau lisubiri mpaka wageni waondoke. Kwaya ikaimba wimbo uliofuata kama iko msibani. Tulikula saa kumi jioni, na yule mwanaume wa kutokanyaga tena aliomba aongezewe.

Nyumbani nilichapwa. Fimbo za kwanza zilikuwa za kuchelewa, zilizofuata zilikuwa za lile ini, maana nilikiri mwenyewe. Kwa kusema ukweli sikupewa kitu, hata pongezi. Kesho yake Mama alimburuta Mzee Eliezeri hadi kwa Bi Mwajuma kuomba radhi, na uenyekiti aliendelea nao kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

Ila tangu mwaka ule Bi Mwajuma hakumuuliza Mchungaji wala kamati. Alikuwa anangoja nifike kwake na jagi. "Nani kachinja leo?" "Mzee Sefu, bibi, nimemwona kwa macho yangu." "Haya, nipe maji." Nilipokwenda sekondari ya bweni Sengerema, nikaikosa sikukuu moja. Zuhura aliniandikia barua kwamba bibi alikwenda, akasikiliza kwaya yote, na alipoulizwa mbona hali, akajibu kwamba wa kumuuliza hamwoni.

Bi Mwajuma ameshatangulia, na Siku ya Majirani bado ipo. Mwaka huu nilijitolea tena, safari hii bila kuvutwa sikio. Vijana walipiga picha na magunia ya mchele kabla ya kuyabeba, na baada ya picha wengine hawakuona sababu ya kuyabeba. Mikono watu wananawa kwenye ndoo yenye bomba la kukanyaga kwa mguu, na chakula kinaletwa kwenye maboksi na kampuni. Mama mmoja wa baibui alikuja kwenye meza yangu. Akachukua boksi, akaligeuza, akatazama muhuri uliosema halali, akanishukuru, akaenda kukaa na watoto wake.

Ni jambo jema, na muhuri sina ugomvi nao. Lakini nilibaki nimesimama pale mezani, mtu mzima na miwani yangu, nikitamani aniulize mimi.